Chokaa na Udongo Mwekundu

Mwenye kutaka kujua jinsi maisha yalivyobadilika Morogoro asitazame reli na majengo makubwa tu. Aingie vyumbani, atazame kuta.

Zamani, katika vijiji vya milima ya Uluguru, ukuta wa fito na udongo ulisiribwa kwa mkono, na mkono huo aghalabu ulikuwa wa mwanamke. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Basi mama aliyekuwa akisiriba, mara nyingi alisiriba kwao. Udongo ulichimbwa papo hapo kilimani. Wekundu wake hutokana na kutu ya chuma iliyomo ndani yake, nao huficha moshi wa mafiga na alama za vidole vya watoto. Ukuta ulipopasuka, ulisiribwa tena bila kutoa hata senti moja.

Chokaa ni mgeni kutoka pwani, ambako matumbawe yamechomwa tanurini kwa karne nyingi. Reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, bidhaa za pwani zilipata njia nyepesi. Weupe ukawa rangi ya ofisi, zahanati na darasa. Siubezi: chumba chenye kidirisha kimoja, kikipakwa chokaa, hung'aa kana kwamba kimetobolewa dirisha la pili. Lakini chokaa hununuliwa, na aliyeshika brashi alikuwa fundi, mwanamume, tena kwa ujira. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko lenyewe, kuliko hata rangi: ukuta ulitoka mikononi mwa mama.

Mama yangu mkubwa alikubali sebule ipakwe chokaa kwa heshima ya wageni (ambao waliondoka na migongo myeupe). Chumba chake cha kulala alikataa. Alisema weupe ule ni wa hospitali, na yeye haumwi. Wanawe walimwona wa kizamani. Mimi naona alikuwa akikilinda chumba alichoweza kukitengeneza mwenyewe pasipo kumwomba mtu fedha.

Mafundi wa mjini wao walizipatanisha rangi mbili: chini, hadi kiunoni au begani, rangi ya mafuta iliyokoza, ya buluu, kijani au kahawia, juu, chokaa. Shule na zahanati nyingi bado hupakwa hivyo. Chini ndiko inakogusa mikono na migongo, juu huachiwa mwanga. Mama mkubwa alipouona ukuta wa namna hiyo mara ya kwanza, aliugusa kwa kiganja, akauliza kopo moja ni bei gani.