Meli ya barua, sanduku la posta na mlango namba 993



Leo ni historia, na itaishia kwenye kompyuta, kwa hiyo vumilieni. Ukisimama mwaloni Mwigobero, katikati ya kelele za wachuuzi wa samaki na boti za kwenda Kinesi, si rahisi kukumbuka kwamba ziwa hili lilikuwa barabara ya posta. Meli ya Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961 ilitanguliwa na herufi RMV, yaani meli ya barua ya kifalme, na Musoma ilikuwa moja ya bandari zake. Barua ikishushwa haikupelekwa mlangoni kwa mtu. Iliwekwa kwenye sanduku lenye namba, na mwenye ufunguo akaifuata. Hiyo ndiyo S.L.P. tunayoijua wote.

Waliobuni barua pepe walifikiri hivyo hivyo. Mwaka 1984 ulitangazwa utaratibu wa POP: kompyuta yako inakwenda posta, inachukua barua, inarudi nazo nyumbani. Mwaka 1986 Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford akaanza kutengeneza IMAP, ambapo barua zinabaki sandukuni na unazisomea palepale. Kwa chumba cha habari chenye watu watano wanaosoma sanduku moja, IMAP ndiyo yenye maana.

Sisi tulichelewa kidogo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta (ndiyo, kompyuta!). Miaka ya 1990 ndipo madaktari wa Muhimbili walipopata barua pepe kupitia HealthNet ya shirika la SatelLife, lililoanzishwa na Dk. Bernard Lown. Setilaiti ndogo ilipita juu, ikapokea barua, ikaenda nazo, ikashusha kwingine. Victoria ya angani, kwa kweli.

Tatizo ni kwamba POP na IMAP vilizaliwa kwenye ulimwengu wa watu waliofahamiana. Nywila ilisafiri wazi, kama postikadi. Ilipofika enzi ya intaneti kafe, yeyote aliyekuwa kwenye waya huo huo na programu ya kusikiliza angeweza kuisoma. Netscape walileta SSL mwaka 1995, na mwaka 1999 ikaja STARTTLS: mazungumzo yanaanza wazi, kisha mmoja anasema "sasa tufunge mlango". Mtu wa katikati akilifuta hilo neno, programu isiyo makini inaendelea kuongea wazi bila wasiwasi. Ndiyo maana mwaka 2018 wataalamu wa viwango vya intaneti walishauri mlango uwe umefungwa tangu salamu ya kwanza: namba 993 kwa IMAP na 995 kwa POP, badala ya 143 na 110.

Kwa nini mwandishi ajali haya? Chukua gazeti dogo linaloamua kuweka programu kwenye seva yake lenyewe, isome barua zinazoingia na kuzipanga kama mafaili ya habari. Mvuvi wa Mara anaandika kuwataja wenye makokoro na anayewalinda. Nywila ikivuja, anayeumia ni mvuvi. Na tusidanganyane: usimbaji wa njiani haukulindi dhidi ya anayebisha hodi na karatasi. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa sababu ya taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka. Barua usiyoihitaji tena, ifute.

Sasa fundi wako afanye nini? Programu ipewe sanduku lake peke yake, lisiwe la mhariri. Itumie 993, na ikague cheti cha seva. Kuna kitufe cha "puuza makosa ya cheti" ambacho mafundi wetu wanakipenda mno kwa sababu kinamaliza kelele. Ukikibonyeza, umefunga mlango bila kuangalia ni nani uliyejifungia naye ndani. Nywila ikae kwenye faili linalosomwa na programu hiyo tu, siyo ndani ya msimbo unaogawiwa kwa marafiki. Kama sanduku liko Google au Microsoft, nywila ya kawaida haitoshi siku hizi: tangu 2022 wameanza kuzifungia programu za namna hiyo, na wanataka kibali cha OAuth, ambacho unaweza kukifuta siku yoyote bila kubadili nywila.

Halafu kuna barua yenyewe. Jina la mtumaji ni maandishi tu, yeyote anaweza kuandika "Mkuu wa Wilaya". Programu iangalie sahihi ya DKIM kabla ya kuamini, isifungue viambatanisho yenyewe, na isimjibu mtumaji moja kwa moja kwa kumrudishia alichoandika. Jibu hilo likisomwa kwenye simu ambayo nyumba nzima inaishika, mvuvi wetu amekwisha kutajwa.