Wavu wa Kitani na Wavu wa Nailoni: Habari za Vifaa vya Uvuvi katika Ziwa Victoria



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu, wenzangu wameeleza habari za mazao, maghala na hesabu. Mimi nimeona vema niandike habari za wavu. Wengi wetu tukaao kando ya ziwa tuna jembe mlangoni na kasia nyuma ya nyumba. Tena liko swali liulizwalo kila mara katika duka la Chama: je, ni heri kununua kifaa cha zamani tukijuacho, au kipya kinachosifiwa? Swali hili lilikwisha kuulizwa ziwani zamani, na jibu lake yafaa tulijue.

Kabla ya mwaka wa 1905 watu wa kando ya Ziwa Victoria walivua kwa vifaa vilivyotoka katika nchi yao wenyewe. Walisuka migono kwa fito na matete. Walijenga nyua penye maji machache, wakatumia ndoana na mikuki. Tena walifunga mafunjo pamoja yakawa kama ukuta, wakayaburuta kuelekea nchi kavu, na samaki wakasukumwa mbele yake. Vifaa hivyo havikudumu sana, maana kitu cha majani hakina urafiki na maji. Lakini havikununuliwa kwa fedha, na aliyeharibikiwa aliweza kusuka vingine kwa mikono yake. Uvuvi wa namna hiyo ulikaa karibu na pwani, na sehemu kubwa ya ziwa ilibaki bila kuguswa.

Katika mwaka wa 1905 nyavu za makila zililetwa na Wazungu katika ghuba iliyoitwa Kavirondo wakati ule, nayo leo yaitwa Winam, katika Kenya. Nyavu hizo zilifumwa kwa uzi wa kitani. Wavu wa makila husimama majini kama pazia: juu una vyelezo, chini una chubwi. Samaki apitaye hutia kichwa katika tundu, na akitaka kurudi nyuma hunaswa kwa mashavu yake. Samaki aliyetafutwa kuliko wote alikuwa ngege, mtamu wa kuliwa na mwepesi wa kuuzika. Hapo mwanzo wavu mmoja uliweza kutoa ngege makumi kwa usiku mmoja, na habari hiyo ikaenea upesi pande zote za ziwa.

Lakini kitani nacho kilikuwa na adui. Vijidudu vya majini hula nyuzi za mimea, na katika maji ya joto kama yetu huzila kwa haraka. Kwa hiyo mvuvi wa nyavu za kitani alikuwa mtumishi wa nyavu zake. Kila zilipotoka majini alizitandaza zikauke, akatafuta palipokatika, akashona. Katika nchi nyingi wavuvi walizilowesha pia katika maji yaliyochemshwa pamoja na magome ya miti, ili uzi ukawie kuoza. Hazikuweza kukaa majini mfululizo. Nyingine zilipokuwa kazini, nyingine zilikuwa juani zikipumzika.

Pamoja na udhaifu huo, samaki walianza kupungua. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Bwana Michael Graham, alizunguka ziwa lote akipima. Aliona kwamba katika ile ghuba wavu uliokuwa ukitoa ngege makumi sasa ulitoa chini ya 10. Katika taarifa yake ya mwaka wa 1929 alishauri kwamba matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, ili samaki wadogo wapite, wakue na kuzaa. Alishauri pia kwamba ziwa lote liangaliwe na mamlaka moja, kwa maana samaki hawajui mipaka ya nchi. Shauri la matundu likafanywa kuwa sheria katika miaka ya 1930.

Ndipo ilipokuja nailoni. Uzi huu ulitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935 huko Marekani, katika maabara ya kampuni ya DuPont, na Wallace Carothers pamoja na wenzake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulifanywa miavuli ya askari waliorukia chini kutoka katika ndege. Baada ya vita ukaingia katika uvuvi, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 ulifika Ziwa Victoria. Nailoni haitokani na mmea, basi vijidudu havikuiweza. Wavu wake ulikaa majini usiku baada ya usiku bila kuoza. Tena uzi wake, ukiwa mwembamba na laini, hauonekani upesi na samaki, hivyo wavu mmoja ulivua kuliko wa kitani uliolingana nao kwa ukubwa.

Tusiwalaumu wavuvi kwa kuupokea. Hesabu ilikuwa upande wao. Tuseme, kwa mfano tu, wavu mmoja wauzwa shilingi 20,000 nao hudumu miezi 4, na mwingine wauzwa shilingi 60,000 nao hudumu miezi 24. Wa kwanza umekula shilingi 5,000 kila mwezi, na wa pili shilingi 2,500. Anayetazama bei ya siku ya kununua tu atasema wa pili ni ghali, naye amekosea. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Katika jambo hili nailoni ilishinda kwa haki, wala hakuna mwenye akili atakayetamani kurudi kwenye kitani.

Hata hivyo hesabu hiyo ilisahau jambo moja. Kuoza kwa kitani kulikuwa hasara kwa mvuvi, lakini kulikuwa nafuu kwa samaki. Siku ambazo nyavu zilikuwa juani, ngege walipita salama. Na wavu uliopotea ziwani ulioza, na mtego wake ukaisha. Nailoni iliondoa nafuu zote mbili, wala hapakuwekwa kitu kingine badala yake. Tena wakati ule ule, kati ya mwaka wa 1956 na 1961, sheria ya inchi 5 iliondolewa katika Uganda, Tanganyika na Kenya. Wavuvi walioona ngege wakubwa wamekwisha wakageukia nyavu za matundu madogo, na samaki wasiopata kuzaa hata mara moja wakavuliwa. Sangara na wageni wengine waliotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 wana sehemu yao katika mabadiliko yaliyofuata. Leo ngege yule wa asili ni adimu katika ziwa lenyewe, naye hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya kando.

Wavu wa nailoni uliopotea huendelea kuvua pasipo mwenyewe. Samaki hunaswa, hufa, huoza, na wengine hunaswa baada yao. Katika mwaka wa 2009 mashirika ya FAO na UNEP yalikadiria kwamba vifaa vya uvuvi vilivyopotea au kutupwa ni kama sehemu 1 katika 10 ya taka zote za baharini. Siku hizi ziko pia nyavu za timba, za uzi mmoja mwangavu kama kioo. Bei yake ni ndogo, lakini zikikatika ni shida kuzishona, kwa hiyo hutupwa upesi. Zimekatazwa kwa sheria ziwani katika nchi zote tatu, lakini bado zimo majini. Hizo zimekusanya ubaya wa pande mbili: mikononi mwa mvuvi hazidumu, na zikitupwa haziozi.

Basi, ndugu wanachama, mtu akija dukani kwetu akauliza kipi bora, cha zamani au kipya, tusimjibu kwa umri wa kifaa. Tumwulize kitamtumikia miezi mingapi kwa bei ile. Tumwulize kama aweza kukitengeneza mwenyewe kikiharibika. Mwisho tumwulize kitaacha nini nyuma yake, shambani au majini. Swali hilo la mwisho ndilo ambalo halikuulizwa ziwani katika miaka ya 1950.

Na wenye nyavu za nailoni nawakumbusha jambo dogo. Kitani kilipenda jua, bali nailoni hudhoofishwa nalo. Ikisha kukauka, iwekwe kivulini. Wavu uliochakaa usitupwe ziwani, uletwe pwani. Sheria ya matundu nayo ifuatwe hata usiku ambao mlinzi hayupo. Chama hiki kimeishi miaka 10 kwa sababu wanachama hawakula mbegu. Samaki mdogo naye ni mbegu. Tukimwacha apite leo, watakaoandika kijitabu cha miaka 20 watakuwa na samaki wa kuandika habari zake.