Dada Alikatwa Mshahara Sababu ya Dishwasha, Nikaamua Kuchimba Historia Yake Yote

Leo ubuyu tunauweka pembeni kidogo, ingawa hata hii stori imeanzia kwenye ubuyu. Kuna mdada mmoja maarufu hapa mjini, jina sitaji na msinilazimishe kwenye komenti, alitupia video ya jiko lake jipya. Makabati meupe, friji ya milango miwili, na pembeni ya sinki dishwasha inawaka kataa ka bluu. Likes zikamiminika, watu "mama uko juu", "Mungu nipe na mimi", si mnajua mambo ya huko.

Mimi nilichowaza ni kingine kabisa. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba yenye mashine kama ile ile. Wiki hiyo hiyo alikuwa amenipigia simu analia. Mashine imezima katikati, maji yamesimama chini yananuka, na bosi wake kamwambia "umeiua". Mshahara wake ni laki na nusu. Akakatwa elfu hamsini.

Nikaanza kusoma. Kiukweli nilikuwa natafuta tu kama mtu anaweza kuiua dishwasha kwa kuosha vyombo. Nikajikuta nipo Marekani karne ya 19 saa nane ya usiku.

Iko hivi. Mtu wa kwanza Marekani kupata hataza ya mashine ya vyombo ni Joel Houghton, mwaka 1850. Lilikuwa dude la mbao lenye mpini wa kuzungusha kwa mkono, ukizungusha linamwagia vyombo maji. Basi. Vyombo havikutakata na hakuna aliyelililia. Wengine wakafuata nyuma yake, nao hawakufika mbali.

Halafu anakuja huyu mama, na hapa ndipo nilipokaa sawa. Josephine Cochrane, kazaliwa 1839 Ohio, kaishi Shelbyville, mji mdogo wa jimbo la Illinois. Mume wake alikuwa mfanyabiashara na mtu wa siasa, nyumba kubwa, wageni kila mara, sahani za kaure za thamani. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba baada ya karamu wafanyakazi wa ndani walikuwa wakiosha zile sahani wanazipasua kingo. Akachukia. Akawaondoa kwenye sinki, akaanza kuosha mwenyewe, na haikuchukua muda akaichukia na hiyo kazi. Ndiyo akasema kama hakuna mtu aliyetengeneza mashine ya kuosha vyombo, atatengeneza yeye.

Mmeona hapo? Yaani mashine yenyewe chanzo chake ni bosi kumlaumu dada wa kazi. Na hao dada wa Shelbyville hakuna aliyeandika majina yao. Tunajua sahani zilikuwa za kaure, tunajua nyumba ilikuwa kubwa, wao hatuwajui hata mmoja.

Ila sitaki kumfanya mama wa watu adui, kwa sababu kilichofuata kilimkuta kigumu. Mwaka 1883 mume akafariki. Kumbe yale maisha ya karamu yalikuwa na madeni nyuma yake, pesa iliyobaki ni kidogo sana. Hapo sasa mashine ikaacha kuwa wazo la tajiri aliyechoka, ikawa ndiyo ugali. Akaingia kwenye kibanda cha kuni nyuma ya nyumba na fundi mmoja anaitwa George Butters, wakaanza kupima. Sahani ina upana gani, kikombe kina kimo gani, kisosi kinakaaje. Wakasuka vyumba vya waya kwa kila aina ya chombo, wakavipanga kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba. Gurudumu linazunguka, maji ya moto yenye sabuni yanarushwa kwa nguvu kutoka chini.

Huo ndio ujanja wenyewe. Wenzake wengi waliwaza kusugua, yeye akawaza nguvu ya maji, chombo kitulie mahali pake na maji ndiyo yafanye kazi. Hataza ikatoka tarehe 28 Desemba 1886, namba 355,139. Ukifungua dishwasha ya leo utaona waya za kupangia sahani na mikono ya kurusha maji. Ni wazo lile lile la kwenye kibanda cha kuni.

Wateja wake wa kwanza wakubwa walikuwa mahoteli ya Chicago. Palmer House, kisha Sherman House. Baadaye alikuja kusimulia kwamba kutembea peke yake kukatiza ukumbi wa ile hoteli ya Sherman House ni kati ya vitu vigumu alivyowahi kufanya, maana mwanamke wa hadhi yake enzi hizo hakuzoea kwenda mahali bila mume au baba. Alikatiza hivyo hivyo na akatoka na oda. Mwaka 1893 Chicago ikafanya maonyesho makubwa ya dunia, migahawa ya pale ikatumia mashine zake, na akapewa tuzo. Mahoteli, mahospitali na vyuo vikaanza kununua.

Sasa swali. Mbona majumbani haikuingia?

Hapa ndipo nilipoacha chai ikapoa. Moja, mashine ilikula maji ya moto mengi na nyumba nyingi hazikuwa na uwezo wa kuchemsha kiasi hicho. Mbili, maji yenyewe. Sehemu nyingi maji ya ardhini ni magumu, yaani yamebeba kalisi na magnesi kutoka kwenye miamba. Ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe, ule ule mnaouona kwenye birika la chai mkitumia maji ya kisima. Na sabuni ya kawaida ikikutana na hayo madini haitoi povu la maana, inaganda inakuwa utando kwenye glasi. Kwa hiyo mwenye nyumba anafungua mashine ya bei mbaya anakuta glasi zina ukungu. Anasema mashine mbovu. Kumbe mashine iko sawa, ubaya uko kwenye maji.

Josephine akafariki 1913 akiwa na miaka 74, bila kuiona ikiwa kitu cha kawaida jikoni. Ulaya Miele wakatoa ya umeme mwaka 1929. Kampuni aliyoianzisha mama ilinunuliwa na Hobart mwaka 1926, na mwaka 1949 wakatoa dishwasha ya nyumbani kwa jina la KitchenAid. Kilichoisaidia kuingia majumbani ni maji ya moto ya bomba, na sabuni mpya za unga zenye fosfeti, kemikali ya kuyashika yale madini yasigande kwenye vyombo. Cascade waliingia sokoni 1955 na sabuni ya dishwasha peke yake.

Fosfeti nayo ina kesi yake. Ikitoka na maji machafu ikaingia ziwani inalisha magugu na mwani, samaki wanakosa hewa. Mwaka 2010 majimbo kadhaa ya Marekani yakaibana, viwanda vikaitoa kwenye sabuni. Watu wakaanza kulalamika vyombo vinatoka na utando, wengine wakaita mafundi, wengine wakanunua mashine mpya kabisa. Tatizo lilikuwa sabuni imebadilika na wao hawajui! Niliposoma hapo nikampigia dada usiku ule ule.

Nikamuuliza, "Dada, hapo mnatumia maji gani?"

"Ya kisima, mdogo wangu. Ya dawasa yakikatika siku tatu tunawasha pampu."

"Na chumvi mnaweka?"

"Chumvi ya nini kwenye kuosha vyombo?"

Basi bana. Nina rafiki yangu ni fundi wa friji na mashine za kufulia, Jumamosi nikambembeleza twende, bosi akaruhusu kwa sababu hakuambiwa bei. Fundi akachomoa waya wa umeme kwanza (msisahau hilo), akachota maji yaliyosimama kwa kikombe, akatoa waya ya chini. Pale chini katikati kuna chujio, unalizungusha kwa mkono linatoka. Jamani. Wali, mbegu za ndimu, vijiti vya meno, miba ya samaki, mafuta yameganda kama nta. Halijawahi kutolewa tangu mashine inunuliwe. Chujio likiziba maji hayafiki kwenye pampu ya kutolea, mashine inasubiri, ikichoka kusubiri inazima. Ndiyo "kuuawa" kwenyewe.

Akaja kwenye mikono ya kurushia maji. Ile inayozunguka, ina vitundu. Nusu ya vitundu vimezibwa na ukoko mweupe. Akailoweka kwenye siki ya moto, akapitisha kijiti kwenye kila kitundu, akaisuuza. Maji yasipotoka kwa nguvu hakuna kinachotakata, na hapo dada alikuwa analaumiwa kwamba anapanga vyombo vibaya.

Halafu akafungua kifuniko kingine pale chini, cha tangi la chumvi. Mashine nyingi za Ulaya zina hicho kitu. Ndani kuna chembechembe ndogo zinazonasa kalisi na magnesi kabla maji hayajafika kwenye vyombo, na chumvi ndiyo inazisafisha zianze upya. Siyo chumvi ya mboga, ni ile ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tangi halikuwa na punje hata moja. Kitabu cha maelekezo kipo, kimeandikwa kwa lugha nne, Kiswahili hakimo, na kilikuwa chumbani kwa bosi.

Nisimtetee dada kwa kila kitu. Alikiri kwamba siku vidonge vilipoisha aliweka sabuni ya maji ya kuoshea kwenye sinki, povu likatoka mlangoni mpaka sakafuni. Hapo alikosea, sabuni ile inatoa povu jingi mno kwa mashine hii, na maji yakivuja yakatulia chini ya mashine zipo zinazogoma kabisa kuingiza maji. Fundi akaangalia chini, pakavu. Siyo lililozimisha. Ila na hilo nani alimwambia?

Tukarudisha kila kitu, tukaiwasha tupu na kikombe cha siki kwenye waya ya juu. Ikanguruma, ikameza maji, ikarusha, ikatoa. Dada kasimama pale na kanga yake mdomoni. Fundi akachukua elfu thelathini, akamwonyesha dada jinsi ya kutoa chujio, akamwambia kila wiki, dakika mbili tu.

Bosi akaja akaangalia, akafurahi, akasema "kumbe ni uchafu tu". Elfu hamsini haikutajwa. Dada akanikonyeza ninyamaze, nikanyamaza, kazi ni yake siyo yangu.

Mshahara unatoka tarehe 30. Nitawapa mrejesho. Na wewe dada wa jiko jeupe, najua unasomaga hapa, wiki hii fungua chini utuambie umekuta nini. Wengine mnaotumia maji ya kisima, tupieni hapo chini mnapata wapi ile chumvi ya punje kubwa na kwa bei gani, maana fundi ameniuliza na sina jibu.