SALVADOR, BRAZIL: UKITAKA KULA VIZURI ANZA NA MAMA WA KARAI, MGAHAWA BAADAYE

Ukimuuliza mwenyeji wa Salvador, jiji la watu zaidi ya milioni 2.4 kule kaskazini mashariki mwa Brazil, jioni watu wanakula wapi, mara nyingi hatakutajia mgahawa. Atakutajia kona. Kwenye hiyo kona kuna mwanamke kavaa nguo nyeupe, sketi imetanuka kama mwavuli, kilemba kichwani, shanga shingoni, na mbele yake karai la mafuta ya rangi ya machungwa yanachemka. Foleni ishakuwa ndefu. Huyo anaitwa baiana, yaani mwanamke wa Bahia, na anachokaanga kinaitwa acarajé.

Kwa Mtanzania acarajé wala sio kitu kigeni kihivyo. Ni bajia ya kunde. Kunde zinalowekwa, zinatolewa maganda, zinasagwa na vitunguu na chumvi, halafu zinapigwa kwa mwiko mpaka ziumuke ziwe laini kama povu. Tofauti kubwa iko kwenye mafuta. Kule hawakaangii alizeti, wanakaangia mawese, haya haya ya kwetu Kigoma, wao wanayaita dendê, neno lililotoka kwenye Kimbundu cha Angola. Bajia ikiiva inapasuliwa katikati, inajazwa vatapá (rojo zito la mkate, tui la nazi, karanga, korosho na kamba wakavu), inaongezwa bamia za kupikwa, kachumbari, na kamba wengine juu. Moja tu, kubwa kama ngumi, na umeshiba.

Sasa jiulize. Jiji lina hoteli za kila aina, lina wapishi waliosomea Ulaya, imekuwaje msosi wake namba moja uko barabarani, na anayeuza ni mwanamke mweusi aliyekaa kwenye kiti kidogo? Hapo ndo historia inapoingia, na sio historia ya kuchekesha.

Wareno waliianzisha Salvador mwaka 1549 na ikawa makao makuu ya Brazil mpaka 1763. Katika bara lote la Amerika hakuna nchi iliyopokea Waafrika watumwa wengi kama Brazil, zaidi ya milioni 4.5, na zaidi ya milioni moja kati yao walishushwa Bahia. Wengi tunawafikiria kwenye mashamba ya miwa tu. Ni kweli wengi walikwenda huko, lakini waliobaki mjini walikuwa na maisha ya aina nyingine, na wanawake wengi kati yao waliishia kwenye biashara ya chakula.

Mfumo wenyewe uliitwa ganho. Ukitaka kuuelewa haraka, fikiria dereva wa bodaboda ambaye chombo si chake, jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi. Mwanamke mtumwa alitolewa nyumbani asubuhi na sinia kichwani, akauze. Kila siku au kila wiki bwana wake alitaka kiasi kilichopangwa. Kikizidi, cha kwake. Kikipungua, ni shida yake, na hapa mfano wa bodaboda unakwama, maana dereva anaweza kuacha kazi, yule mwanamke alikuwa mali ya mtu. Anachapwa au anauzwa.

Lakini ile ziada ndo ilikuwa kila kitu. Senti kwa senti, miaka na miaka, wanawake hawa waliweka akiba wakajinunua wenyewe. Yaani unamlipa bwana wako bei yako, anakuandikia hati ya uhuru, unaondoka. Wengine walichangishana kwenye vikundi vilivyoitwa junta, vinafanana sana na vikoba vyetu, leo anatolewa huyu, kesho yule. Wanahistoria waliopitia hati za uhuru za Bahia wameona wanawake ni wengi kuliko wanaume, japo kwenye meli za watumwa wanaume ndio walioletwa wengi zaidi. Sinia la chakula lina mchango wake hapo. Kuna watu walitoka utumwani kwa bajia, tena bila kutia chumvi.

Majina yao? Hakuna anayeyajua. Kwenye hati yamebaki majina ya ubatizo, Maria, Joana, Luísa, Ana, yanajirudia rudia mpaka huwezi kumtofautisha huyu na yule. Nani alianza kuweka bamia katikati ya bajia, nani aligundua vatapá inakaa vizuri na kamba wakavu, hilo halikuandikwa popote. Ajabu ni kwamba jina la mlalamikaji lipo. Mwishoni mwa miaka ya 1700 kulikuwa na mwalimu wa Kigiriki pale Salvador, Mreno, Luís dos Santos Vilhena. Aliandika barua ndefu kuhusu mji, na ndani yake akanung'unika kwamba nyumba za matajiri haswa ndizo zinazotoa watumwa wakauze vyakula barabarani. Akavitaja kimoja kimoja: acarajé, abará, caruru, vatapá, uji, wali wa nazi. Yeye aliona aibu. Bila kujua akawa ametuachia menyu, na ukitembea Salvador leo vingi bado vinauzwa vile vile. Mwalimu mwenyewe nje ya vitabu vya historia nani anamkumbuka?

Mambo hayakuwa laini hata kwa waliopata uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, ndani ya Ramadhani, Waafrika Waislamu wa Salvador waliinuka na silaha. Wenyewe wanauita uasi wa Malê. Ulizimwa ndani ya saa chache. Baada ya hapo serikali ikamwona kila Mwafrika kama adui, hasa aliye huru anayezunguka mji mzima akiongea na kila mtu, na nani anazunguka kama muuza chakula? Sheria ya mwaka huo huo iliwawekea Waafrika huru kodi ya mwaka na kuwakataza kumiliki nyumba na ardhi. Wengine walikata tamaa wakapanda meli kurudi Afrika Magharibi, na mpaka leo Lagos na Ouidah kuna koo zenye majina ya Kireno. Waliobaki waliendelea kukaanga. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa tarehe 13 Mei 1888, Brazil ikiwa ya mwisho Amerika nzima.

Tusisahau upande wa dini, maana bila huo acarajé haieleweki. Kwenye Candomblé, dini iliyotoka kwa Wayoruba na majirani zao, acarajé ni chakula cha Iansã, mungu wa kike wa upepo na radi. Neno lenyewe limetoka kwa Wayoruba, ambao bajia ya kunde wanaiita akara, na Nigeria wanaila mpaka leo asubuhi na uji. Ndo maana zile nguo nyeupe na shanga sio mapambo ya kuvutia watalii, na baadhi ya mabaiana bajia ndogo za kwanza hawaziuzi, wanazitoa kwa mizimu kwanza. Mpaka mwaka 1976 nyumba za Candomblé pale Bahia zilitakiwa kujiandikisha polisi ili zifanye ibada. Fikiria hilo. Chakula kinapendwa na mji mzima, imani iliyokizaa inaombewa kibali kituoni.

Siku hizi kuna mvutano mwingine. Baadhi ya walokole wanauza bajia ile ile ila wameipa jina jipya, kitumbua cha Yesu, na nguo nyeupe wamezitupa. Wenyewe wanasema biashara ni biashara. Wenye mila wanasema huwezi kumvua mtu nguo kisha ukauza mwili wake. Hoja ya wenye mila ina uzito zaidi, kwa sababu mwaka 2005 serikali ya Brazil iliisajili kazi hii ya baiana kama urithi wa taifa, na kilichosajiliwa ni kazi nzima, karai na mavazi na imani, sio mapishi peke yake.

Halafu ikaja FIFA. Kombe la Mabara 2013 na Kombe la Dunia 2014 zilipangwa pia uwanja wa Fonte Nova, na kanuni za mashindano zilitaka eneo la kuzunguka uwanja liwe la wadhamini tu. Wanawake waliouza acarajé pale kwa miaka mingi waambiwe wapishe baga za kampuni ya nje! Hawakukubali. Walikusanya saini, wakaandamana na masinia yao kichwani, na mwisho FIFA ikalegeza, wachache wakaruhusiwa kuuza. Ni wachache, ndiyo, lakini kuirudisha FIFA nyuma sio jambo dogo, waulize wanaoijua.

Kwa hiyo mdau ukijikuta Salvador na jioni moja tu, nenda Rio Vermelho. Ni mtaa wa baharini ambapo tarehe 2 Februari kila mwaka watu wanapeleka maua na manukato kwa Iemanjá, mama wa bahari. Kuna viwanja viwili, Largo de Santana na Largo da Mariquita, na vyote vina mabaiana maarufu na meza za plastiki zimejaa watu. Wenyeji wanabishana kiwanja gani kina acarajé bora kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga, usiingilie. Chukua na abará pia, ni donge lile lile ila limefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke.

Kesho yake mchana ndo ukae mezani sasa. Pelourinho, mji mkongwe wenye nyumba za rangi rangi, kuna mgahawa wa chuo cha mapishi cha Senac, unajipakulia mwenyewe, vyakula vya Bahia vingi kwa mpigo. Ni sehemu nzuri ya kuonja kila kitu kidogo kidogo kabla hujajua unachopenda. Kula huku ukijua kwamba jina la mtaa, Pelourinho, maana yake ni nguzo ya kuchapia watu. Ukishuka na lifti ya Lacerda, ambayo ilianza kazi 1873, unatokea Mercado Modelo, soko lililo ndani ya jengo la zamani la forodha. Kule juu kuna migahawa inayotazama ghuba. Agiza moqueca: samaki, tui la nazi, nyanya, pilipili hoho, kotimiri na mawese, inaletwa mezani kwenye chungu bado inatokota, pembeni wali na unga wa muhogo uliokaangwa. Mtu wa Tanga au wa Pemba akionja atasema hii naijua. Si ajabu. Minazi Wareno waliipeleka Brazil kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi kupitia Cape Verde, na muhogo ukaja Afrika kutoka kwao.

Mwenye muda afike Feira de São Joaquim, soko la watu wa kawaida, chafu kidogo na kelele nyingi, ambako mawese yanauzwa kwa chupa na kamba wakavu wamerundikwa kama mchanga. Mabaiana wengi wananunua hapo. Na ukiwa Salvador tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Santa Bárbara ambaye watu wa Candomblé wanamwona ni Iansã huyo huyo, watu wanavaa nyekundu na caruru ya bamia inagawiwa bure.

Kitu kimoja cha kujua kabla hujafika mbele ya foleni. Baiana atakuuliza kama unataka "quente". Kireno cha darasani kitakudanganya kwamba anauliza kama unataka ya moto, utaitikia haraka haraka. Anauliza pilipili.