Albamu ya Kind of Blue na Suala la Chanzo Halisi

Albamu ya Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa New York mwaka 1959 katika vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, kinasa sauti kikuu kilizunguka polepole kuliko ilivyotakiwa. Kanda yake ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, vipande vitatu vya upande wa kwanza wa santuri vilisikika kwa sauti ya juu kidogo kuliko vilivyopigwa. Kasoro hiyo ilidumu hadi toleo la mwaka 1992, lililotokana na kanda ya akiba yenye kasi sahihi. Hata hivyo, toleo la zamani halipotezi thamani, kwani ndilo lililowafunza wapenzi wa jazi kwa zaidi ya miaka 30. Kwa mwanahistoria, toleo jipya ni ushahidi wa upigaji. La zamani ni ushahidi wa usikilizaji.