Sista Aliyefariki Siku ya Matengenezo

Kila tarehe 31 Oktoba sisi Walutheri humkumbuka Martin Luther na hoja zake 95. Katika ibada ya mwaka jana tulilitaja pia jina la Sista Irene Stefani, mtawa wa Kikatoliki aliyefariki tarehe hiyohiyo, mwaka 1930, huko Gikondi katika nchi ya Wakikuyu. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa usharika alitusubiri mlangoni. "Baba Mchungaji," akasema, "kumbe siku hizi tunaomba kwa watakatifu?"

Swali lake lilikuwa la haki, nalo lilistahili jibu refu kuliko lile tulilompa pale mlangoni.

Irene alizaliwa mwaka 1891 huko Anfo, kaskazini mwa Italia. Alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, na mwanzoni mwa 1915 akafika Kenya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuingia Afrika Mashariki. Majeshi yalipita mahali pasipo na reli wala barabara, wanyama wa mizigo wakafa kwa mbung'o, na mizigo ikabebwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja. Zaidi ya 90,000 kati yao walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Tunanunua nyanya pale, wala hatuwakumbuki.

Kati ya 1916 na 1919 Irene aliwauguza watu hao katika hospitali za jeshi, kwanza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Husimuliwa kwamba huko Kilwa siku moja alikuta mgonjwa wake hayupo mahali pake, akaambiwa amekwisha kufa na kupelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Akaenda ufukweni, akatafuta kati ya miili ile, akamkuta bado anapumua.

Waliokuwa wakikata roho aliwafundisha kwa maneno machache, kisha akawabatiza. Walioandika habari zake hutaja watu wapatao 3,000. Tulipolileta jambo hili darasani chuoni, wanafunzi walibishana sana: ni mafundisho gani hayo ya dakika chache? Lakini ubatizo wa dharura tunao hata sisi. Muuguzi au mkunga Mkristo anaweza kumbatiza mtoto mahututi bila kumngoja mchungaji, nasi tunaupokea ubatizo huo kuwa halali, kwa kuwa anayetenda ndani yake ni Mungu. Mpagazi asiyeweza kuinua hata kichwa, asiye na tendo jema la kuonyesha wala muda wa kulitenda, anapokea yote bure. Kama hilo silo tunalolihubiri kila Siku ya Matengenezo, basi tunahubiri nini?

Baada ya vita Irene alipelekwa Gikondi. Alifundisha shuleni, akapanda na kushuka mabonde yale kwa mabuti yake makubwa akiwatembelea wagonjwa na wazazi, akawaandikia barua wale ambao watoto wao walikuwa kazini mbali. Watu wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Oktoba 1930 alimhudumia mwalimu aliyeugua tauni, akaambukizwa. Alikufa akiwa na miaka 39.

Tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Muujiza uliotajwa ni wa Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989 wakati wa vita, ambapo watu waliojihifadhi kanisani walimwomba Irene, na maji ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Hapo sisi hatuwezi kufuatana na ndugu zetu. Ungamo la Augsburg la 1530, Kifungu cha 21, linakataa kuwaomba watakatifu, kwa sababu Mpatanishi wetu ni Kristo peke yake. Ila kifungu hichohicho kinaanza kwa kusema kwamba watakatifu wakumbukwe, ili imani yetu iimarike na tujifunze matendo mema kutoka kwao. Tumeishika sana sehemu ya kukataa, ile ya kukumbuka tumewaachia wengine. Tena mwaka 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Siku waliyoichagua ilikuwa 31 Oktoba.

Majuma machache baadaye tulimtembelea yule mzee nyumbani kwake, tukamweleza haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu Kifungu cha 21 hakusema neno.

"Hizo hospitali," akauliza, "mmesema moja ilikuwa Lindi?"

Tukamjibu kwamba ndiyo.

"Baba yake babu yangu alichukuliwa upagazi, akapelekwa kusini. Hakurudi. Mwaka huu mkimtaja tena huyo sista, mtutajie na yeye."

Akatupa jina, tukaliandika.