Kamera ya Ngulyati na Mwaka wa Picha ya Visiki



Katika albamu ya chama chetu imo picha ambayo wengi wenu mnaikumbuka: wavulana wenye majembe na mashoka waking'oa visiki ili kufungua shamba la pamba la shule. Nyuma yake imeandikwa kwa wino "1964". Kwa sababu ya maandishi hayo sifa ya shamba wamepewa wenzetu wa mwaka ule, na kila tukikutana waliokuja nyuma yao hunung'unika. Jambo hili si dogo. Ikiwa ni kweli 1964, basi shule yetu ilianza kujitegemea kabla Mwalimu Nyerere hajatoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Ikiwa ni baadaye, tuliitikia wito kama shule nyingine, na jasho lile ni la watu wengine.

Mwalimu aliyeipiga picha hiyo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu wa kwetu Ngulyati, iliyo leo Mkoa wa Simiyu. Kabla ya 2012 tulihesabiwa Shinyanga. Jamaa zake walinifungulia sanduku lenye kamera yake na kopo la biskuti lililojaa negativu. Kamera aliletewa na ndugu yake aliyesoma Moscow, katika kile Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilichofunguliwa 1960 na kupewa jina la Lumumba mwaka uliofuata.

Kamera za namna hii zina ukoo wake. Mwaka 1934, huko Kharkov, Ukraine, vijana yatima wa kituo kilichopewa jina la Dzerzhinsky walianza kuunda kamera kwa kuiga Leica ya Wajerumani. Waliiita FED, herufi za kwanza za majina ya Felix Edmundovich Dzerzhinsky. Baada ya vita, mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikaanza kutoa jamaa yake, Zorki. Zote hupima umbali kwa njia moja: ukichungulia kidirishani unaona sura mbili za mtu mmoja, nawe unazungusha lenzi mpaka sura hizo zilaliane.

Kamera ya Ngulyati ina jina la Zorki-4 kwa herufi za Kirusi. Aina hiyo ilianza kutengenezwa 1956 ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo jina peke yake halimalizi ugomvi. Tazama basi gurudumu la mwendo wa pazia. Kamera za zamani huandikwa 25, 50, 100; za baadaye 30, 60, 125. Hii ni ya baadaye. (Mwenye nayo asibadili mwendo kabla ya kuvuta filamu, wengi wamezivunja hivyo.)

Ushahidi mkubwa ni namba iliyochongwa kwenye kifuniko cha juu. Krasnogorsk, tangu katikati ya miaka ya 1950, walikuwa na desturi ya kuanza namba kwa tarakimu mbili za mwaka. FED hazina wema huo. Hizo huna budi kuzisoma kwa umbo. Yetu inaanza na 69. Lenzi yake, Jupiter-8, nayo ina namba, lakini sikuitegemea, kwani lenzi hizi hufunguliwa kama kizibo cha chupa, na lenzi ya kamera moja huweza kuhamia nyingine.

Mtu atauliza: nani kasema picha ya visiki ilipigwa kwa kamera hii? Swali la haki. Ndani ya kamera, nyuma ya pazia, kuna dirisha la chuma linaloipa picha mipaka yake. La kamera hii lina kijino kidogo pembeni. Nilizitazama negativu kwa kioo cha kukuzia, na ile ya visiki ina pengo dogo ukingoni, sawasawa na kijino kile kwa umbo na kwa mahali.

Hivyo picha haikupigwa kabla ya 1969. Haikupigwa baada ya 1972 pia, maana mwaka huo mwalimu alihamishiwa shule nyingine, na shamba hakuliona tena. Aliyeandika "1964" nadhani aliandika miaka mingi baadaye, kwa kukisia. Wino wenyewe ni wa kalamu ya juzi juzi tu.

Naomba kamati ibadili maelezo ya albamu yasomeke "kati ya 1969 na 1972", na waliokuwa shuleni miaka hiyo walete majina ya walio pichani, maana nimewatambua watatu tu.

Wenzetu wa 1964 wasikasirike. Picha ya ujenzi wa bwalo, ambayo nayo imeandikwa mwaka wao, iko katika kopo lile lile, na negativu yake ni ya mraba, sentimita sita kwa sita. Zorki hutoa milimita 24 kwa 36 tu. Bwalo lilipigwa kwa kamera nyingine, na namba ya kamera hii haiwezi kuwanyang'anya.